Nani Humwambia Panya Kwamba Majira Yamebadilika?

Dakika moja ya mwanga inatosha kumdanganya hamsta wa Siberia. Mwaka 1979 mtafiti wa Kijerumani, Klaus Hoffmann, alieleza jaribio alilowafanyia wanyama hao wadogo wanaoenea kwenye kiganja cha mkono. Aliwaweka katika siku fupi kama za majira ya baridi, ila kila usiku aliwawashia taa kwa dakika moja tu. Kwa kawaida hamsta anayeishi katika siku fupi huwa mweupe na mwepesi, na korodani zake hunywea. Hawa miili yao ilikwenda kinyume: korodani, uzito na rangi ya manyoya vilifuata kawaida ya kiangazi, kana kwamba siku zimerefuka, ilhali mwanga walioongezewa ulikuwa wa dakika moja kwa usiku.

Kwa hiyo mnyama huyu hapimi wingi wa mwanga. Anapima urefu wa giza lisilokatizwa, na kwa kipimo hicho anapanga homoni zake za mwaka mzima. Swali gumu zaidi ni nafasi ya baridi na joto katika mpango huo. Vitabu vingi huviorodhesha viwili hivi pamoja, mwanga na joto, kana kwamba vina uzito mmoja na vinafanya kazi ileile. Naona mpangilio huo unapotosha. Urefu wa siku ni kalenda. Joto ni hali ya leo, nayo huingia mwilini kwa njia nyingine, baada ya kalenda kusomwa, kuharakisha au kuchelewesha kile kilichokwisha kuamuliwa. Pale viwili hivyo vinapoacha kwenda pamoja, ndipo mambo yanapoharibika.

Haja ya kalenda inaonekana ukipiga hesabu ya mimba. Hamsta wa Siberia hubeba mimba siku 18, kisha hunyonyesha kama wiki 3. Watoto wanaoachishwa ziwa Mei, nyasi zikiwa changa, walitungwa Aprili, na korodani za baba yao zilianza kukua wiki nyingi kabla ya hapo, ardhi ikiwa bado chini ya theluji. Anayengoja joto lifike ndipo ajiandae amekwisha kuchelewa. Na joto lenyewe si la kuaminika: katika nyika za Kazakhstan na kusini-magharibi mwa Siberia, siku chache za jua mwezi Machi hazizuii baridi kali kurudi wiki inayofuata. Urefu wa siku hauna tabia hiyo. Mjini Novosibirsk siku ya Juni huzidi saa 17, ya Desemba hubaki saa 7 hivi, na tarehe ileile ina urefu uleule mwaka huu na mwaka ujao. Msomaji wa Nairobi, ambako siku ndefu kabisa na siku fupi kabisa hutofautiana kwa takriban dakika 10, hana budi kujitahidi kidogo kufikiria maisha yanayoendeshwa na saa ya namna hiyo.

Wazo hili lilianzia kwenye mimea. Mwaka 1920 Garner na Allard, Wamarekani, walionyesha kwamba aina fulani ya tumbaku hutoa maua kwa kufuata urefu wa siku. Miaka michache baadaye William Rowan aliwawashia taa ndege wa porini katika baridi ya Alberta, Kanada, na viungo vyao vya uzazi vikakua katikati ya majira ya baridi. Upande wa wanyama wagugunaji, walioanza ni John Baker na R. M. Ranson wa Oxford. Mwaka 1932 walieleza kwamba voli, panya wa manyasi mwenye mkia mfupi, karibu aache kabisa kuzaa ukimpunguzia mwanga kutoka saa 15 hadi saa 9 kwa siku. Jambo linalosahauliwa ni kwamba Baker na Ranson hawakuishia kwenye mwanga. Walipima joto na chakula pia, wakaona baridi nayo hupunguza uzazi. Maswali yote mawili yalikuwa mezani tangu mwanzo. Lililoshika kasi ni moja.

Sababu ni kwamba mwanga ulikuja kupatiwa homoni yake. Mwaka 1958 Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale alitenga melatonini kutoka kwenye tezi za pineali za ng'ombe. Mwaka 1965 Roger Hoffman na Russel Reiter waliwatoa hamsta wa dhahabu tezi hiyo, na korodani zao zikaacha kunywea katika siku fupi. Kuanzia hapo njia ilifuatiliwa hatua kwa hatua. Baadhi ya chembe za retina, zisizohusika sana na kuona maumbo, hupeleka habari ya mwanga kwenye kiini kidogo cha ubongo kilicho juu ya makutano ya mishipa ya macho. Kiini hicho ndicho saa kuu ya mwili. Amri hushuka hadi kwenye uti wa mgongo, hupanda tena kupitia fundo la neva la shingoni, na kufika kwenye pineali, ambayo humwaga melatonini usiku peke yake. Usiku ukiwa mrefu, melatonini hukaa muda mrefu katika damu. Ukiwa mfupi, hukaa kidogo. Mwanga ukimulika gizani, utoaji wake hukatika, na hapo dakika moja ya Hoffmann inapata maelezo yake.

Uthibitisho wa kwamba muda ndio ujumbe ulitoka kwa Bruce Goldman na wenzake. Waliwaondolea hamsta wachanga tezi ya pineali, kisha wakawatiririshia melatonini kila siku kwa muda waliouchagua wenyewe. Waliotiririshiwa saa 10 hivi miili yao ilikwenda kwa kawaida ya majira ya baridi. Waliotiririshiwa saa 4 hadi 6 walikua kama watoto wa kiangazi. Kipimo hiki ni kikali ajabu. Hamsta wa dhahabu, kwa mfano, hudumisha korodani zake kwa saa 12 na nusu za mwanga. Ukimpa saa 12 zinanywea. Nusu saa inatenganisha dume anayeweza kuzalisha na asiyeweza.

Hata hivyo kalenda ya aina hii ina kasoro. Siku ya saa 14 hutokea mara mbili kwa mwaka, mara moja siku zikirefuka na mara moja zikifupika. Mnyama aliyezaliwa leo atajuaje yuko upande gani? Jibu linaanzia tumboni. Katika miaka ya 1980 ilionyeshwa, kwanza kwa voli wa milima ya Marekani na baadaye kwa hamsta wa Siberia, kwamba watoto waliolelewa wote katika saa 14 za mwanga hukua tofauti kulingana na siku alizoishi mama yao wakati wa mimba. Mama akiwa ametoka kwenye siku fupi zaidi, watoto wa kiume hukomaa haraka. Akiwa ametoka kwenye siku ndefu zaidi, korodani zao hubaki ndogo, maana kwa hesabu yao baridi inakaribia. Melatonini ya mama hupita kwenye kondo la nyuma. Mama akitolewa pineali, watoto hawapati habari hiyo. Kitoto cha gramu mbili kinazaliwa kikiwa na kumbukumbu ya siku ambazo hakijawahi kuziona.

Na melatonini ikishasomwa, inasomewa wapi? Kwa miaka mingi wengi walidhani ingeziamuru moja kwa moja chembe za ubongo zinazosimamia uzazi. Sivyo. Inasomwa kwenye shina la tezi ya pituitari, sehemu nyembamba iliyojaa vipokezi vyake. Takashi Yoshimura wa Nagoya na wenzake, wakianza na kware mwaka 2003 na kuendelea na panya, walionyesha kinachofuata. Siku zikirefuka, shina hilo hutoa homoni ya TSH, lakini haielekei kwenye tezi ya shingoni kama tulivyofundishwa shuleni. Inarudi nyuma, kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo jirani yake, na kuwasha kimeng'enya kiitwacho DIO2. Kazi ya DIO2 ni kugeuza T4, homoni ya thairoidi iliyo hafifu, kuwa T3 yenye nguvu. Siku zikifupika, DIO2 hulala, na kwa hamsta wa Siberia kimeng'enya cha pili, DIO3, huamka na kuiharibu T3 iliyobaki. T3 ya haipothalamasi ikipanda, mfululizo wa homoni za uzazi unafunguka, ukipitia kisipeptini na kuishia kwenye testosteroni na estrojeni. Ikishuka, mfululizo mzima unafungwa.

Watafiti wa Aberdeen walilijaribu hili mwaka 2007 kwa kupachika vidonge vidogo vya T3 ndani ya haipothalamasi ya hamsta walioishi katika siku fupi. Korodani na uzito vilibaki vya kiangazi. Nje ya ubongo hakuna kilichobadilishwa, na melatonini iliendelea kutangaza baridi kila usiku. Katika fasihi yote ya somo hili sijaona jaribio linaloshawishi kuliko hilo.

Sasa mweke hamsta huyohuyo kwenye nyuzi 5 za Selsiasi. Kwenye mafuta yake ya kahawia, yale yaliyo katikati ya mabega, neva hutoa noradrenalini, na noradrenalini huwasha kimeng'enya. Kimeng'enya chenyewe? DIO2. T3 hupanda ndani ya mafuta hayo na joto hutengenezwa bila mnyama kutetemeka. Kazi hii ilikuwa imeelezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo katika mwili mmoja, siku moja ya Januari, kimeng'enya kilekile kimezimwa kwenye ubongo kwa amri ya usiku mrefu na kimewashwa mgongoni kwa amri ya baridi. Anayeandika kwamba baridi hupandisha T3 na anayeandika kwamba majira ya baridi huishusha wote wako sahihi, na wanaweza kubishana hadi kesho kama hakuna atakayeuliza: wapi?

Hapo ndipo kuweka mwanga na joto kwenye mizani moja kunapokosa maana. Na kuna ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 1989 Paul Pévet na wenzake wa Strasbourg waliripoti kwamba baridi huharakisha kunywea kwa korodani za hamsta wa dhahabu walio katika siku fupi, lakini haigusi kabisa mtiririko wa melatonini yao. Kalenda ilikuwa ileile, mwitikio ndio ulioenda kasi. Mwaka 2001 kundi la Irving Zucker, huko California, lilifika kwenye hitimisho la namna hiyo kwa hamsta wa Siberia: baridi hubadilisha namna mwili unavyoitikia melatonini, haibadilishi melatonini yenyewe.

Mpangilio huo wa kwanza na wa pili unaonekana pia katika kuzizima. Hamsta wa Siberia akishakaa wiki kadhaa katika siku fupi, huanza kuacha mwili wake upoe kwa saa chache mchana, wakati mwingine chini ya nyuzi 20, ili kubana matumizi ya nishati. Baridi na uhaba wa chakula humfanya azizime mara nyingi zaidi. Lakini mpachike testosteroni na hazizimi, hata chumba kiwe cha baridi kiasi gani. Siku fupi zinapaswa kwanza kuishusha homoni hiyo. Kabla ya hapo baridi haina la kuamua. Ni vivyo hivyo kwa uzito. Mnyama huyu hupoteza takriban theluthi ya uzito wake akiwa kwenye chumba chenye joto, bakuli limejaa chakula. Anakula kidogo kwa hiari. Hakuna baridi iliyomlazimisha.

Na hata kalenda yenyewe haihitaji kusomwa hadi mwisho. Baada ya miezi 5 hivi ya siku fupi, korodani huanza kukua tena bila mwanga kuongezeka hata kidogo. Mwili umeacha kuisikiliza melatonini. Kwa mnyama anayeshinda shimoni chini ya theluji ni busara: vuli ndiyo iliyopiga kengele, na majira ya kuchipua hujitokeza yenyewe kwa hesabu ya ndani.

Ni lazima nitoe lalamiko hapa. Mengi ya haya tunayajua kutokana na hamsta wa aina mbili, waliozaliwa maabarani vizazi kwa vizazi, katika vyumba vya nyuzi 20 na kitu visivyobadilika. Taa huwashwa na kuzimwa kwa swichi ya shilingi chache. Baridi haina swichi ya namna hiyo. Ukimpa mnyama baridi, anakula zaidi, anajenga kiota kinene, anachoma mafuta, na homoni inayotangaza akiba ya mafuta, leptini, inabadilika pia. Huwezi kuibadilisha baridi peke yake. Matokeo yake ni kwamba mwanga umepata heshima ambayo kwa sehemu ni ya urahisi wa kuupima.

Porini picha ina mabaka. Panya wa nyumbani hazingatii sana urefu wa siku: Uingereza, miaka ya 1940, walichunguzwa wakizaana ndani ya vyumba vya kugandishia nyama, mradi chakula kipo. Aina ya panya wa maabara inayotumiwa kuliko zote, C57BL/6, karibu haitengenezi melatonini kabisa kwa sababu ya hitilafu za kurithi, nao huzaana vizuri tu. Panya wa miguu myeupe wa Amerika Kaskazini hunyweza korodani katika siku fupi akitoka Connecticut. Ndugu yake wa Georgia, kusini, wala hashtuki. Huko Virginia, kati ya hao wawili, Paul Heideman alikuta kundi moja la porini lina wanaoitikia na wasioitikia wakiishi pamoja, na kwa vizazi vichache vya kuchagua wazazi aliweza kuwatenganisha. Kalenda, kumbe, ni kitu ambacho uteuzi wa asili unaweza kukipa uzito au kukinyima, kutegemea kama baridi ya mahali hapo ni ya hakika kiasi cha kustahili kupangiwa mapema.

Ukishuka kuelekea ikweta uzito huo unapotea, ingawa vifaa vinabaki. Heideman na Frank Bronson walichunguza panya wa miwa kutoka Venezuela mwaka 1990 na kukuta melatonini yake hupanda usiku kama ya wengine, lakini haina athari kwenye uzazi. Ujumbe unatumwa, hakuna anayeufanyia kazi. Morogoro, ambako siku ndefu na siku fupi hazitofautiani hata kwa saa moja, panya shamba wa jenasi ya Mastomys huzaa kwa kufuata mvua. Kazi ya Herwig Leirs wa Antwerp na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo imeonyesha kwamba uzazi huanza kama mwezi mmoja baada ya mvua za masika kufikia kilele, manyasi yakiwa yameota. Vuli ikinyesha sana, panya wachanga hukomaa mapema na kizazi cha ziada huingia kabla ya masika. Mwaka unaofuata mahindi huliwa shambani kuanzia mbegu. Jike mmoja wa panya huyu ana chuchu hadi 24, kwa hiyo kizazi kimoja cha ziada si jambo dogo. Namna nyasi inavyoweza kuzungumza na homoni ilidokezwa huko Marekani mwaka 1981, pale voli wa milimani waliposhika mimba katikati ya majira ya baridi baada ya kulishwa kemikali moja, 6-MBOA, inayopatikana katika nyasi changa. Kwa mkulima wa Morogoro maana yake ni ya moja kwa moja: anayetaka kutabiri mlipuko wa panya na aangalie kipimo cha mvua cha Novemba na Desemba.

Kwenye ncha ya pili ya dunia kalenda na hali ya hewa vimeanza kuachana. Kindi wa ardhini wa Aktiki, kaskazini mwa Alaska, hulala chini ya ardhi miezi 7 hadi 8. Mwaka 1989 Brian Barnes alipima joto la mwili wake likishuka hadi nyuzi 2.9 chini ya sifuri bila damu kuganda. Huko shimoni hakuna mwanga wa kusoma. Saa ya ndani, inayozunguka kwa takriban mwaka mzima, ndiyo inayomwamsha. Dume humaliza usingizi wake wiki kadhaa kabla ya jike. Hubaki shimoni akila akiba aliyoiweka, testosteroni ikipanda na korodani zikikua upya kama za kijana anayebalehe, na zoezi hilo hulirudia kila mwaka wa maisha yake.

Mwaka 2023 Helen Chmura na wenzake walichapisha kumbukumbu za miaka 25 za wanyama hawa. Udongo unachelewa kuganda, majira ya baridi ya chini ya ardhi yanafupika, na majike wamesogeza mbele mwisho wa usingizi wao kwa hadi siku 10. Madume hawajasogea. Ratiba ya dume imefungwa kwenye homoni ambazo lazima zimalize kazi yao kwanza, nazo huanza kwa saa ya ndani. Jike, anayeibuka akiwa tayari kupandwa ndani ya siku chache, ana nafasi ya kufuata joto la udongo. Kwa sasa mabadiliko hayo yanamfaa jike, kwa kuwa anachoma mafuta kidogo na kuanza kula mapema. Dume naye bado anatangulia, ila pengo linapungua. Siku 10 nyingine zikienda upande uleule, huenda jike akaanza kutoka shimoni na kukuta madume ambao mbegu zao hazijakomaa.